Mwangaza machoni, mlio masikioni: migreni ambayo wengi wanaiita malaria ao tansiyo

Inaanza na doa dogo karibu na katikati ya kile mtu anachotazama. Anasoma, na herufi moja haionekani tena. Dakika chache zinapita, doa linapanuka na pembeni yake unatokea mstari wa pembe-pembe unaometameta, kama meno ya msumeno yaliyowashwa moto. Mstari unasogea polepole upande mmoja, na kabla ya saa moja kwisha unapotea. Kisha kichwa kinaanza kugonga, tumbo linachafuka, na mtu anatafuta chumba chenye giza.

Kwa wengine kuna jambo zaidi: masikio yanalia. Ni sauti kama ya mdudu wa usiku, filimbi ama maji yanayochemka, na hakuna mwingine anayeisikia.

Katika miji na vijiji vya mashariki mwa Congo, mtu anayesimulia mambo hayo hukutana na majibu mengi. Mmoja anamwambia ni malaria, mwingine tansiyo, mwingine anamtuma kutafuta miwani. Wako pia wanaosema ni sumu ao ni kazi ya wachawi, na safari inaishia kwenye chumba cha maombi. Jina la ugonjwa wenyewe linakawia kutajwa: migreni yenye aura, ambayo Kiswahili cha vitabu kinaiita kipandauso.

Kulijua jina hilo ni jambo la faida. Dalili hizo tatu, yaani kichwa kuuma, mwangaza machoni na mlio masikioni, zinaweza kutoka kwenye migreni isiyoua. Zinaweza pia kutoka kwenye dawa iliyotumiwa vibaya, ao kwenye hatari kubwa kwa mama mwenye mimba. Kinachozitenganisha ni namna zinavyoanza, muda zinaodumu, na hali ya mtu anayezipata.

Jicho ni zima, kazi iko katika ubongo

Aura ni dalili za ubongo zinazokuja kwa kawaida kabla ya maumivu ya migreni. Si kila mwenye migreni anaipata: ni karibu mtu mmoja kwa kila watatu ao wanne. Kati ya wanaoipata, walio wengi sana huiona kwa macho. Wengine huhisi ganzi inayopanda toka vidole hadi kwenye mdomo, na wengine wanakosa maneno kwa muda.

Kufuatana na kanuni ambazo wataalamu wa magonjwa ya kichwa wanazitumia duniani kote, aura hukua polepole kwa muda wa dakika 5 ao zaidi, na kila dalili hudumu kati ya dakika 5 na 60. Maumivu yanafuata mara nyingi ndani ya saa moja. Lakini kuna watu, hasa walio na umri mkubwa, wanaopata mwangaza bila kichwa kuuma hata kidogo.

Kuna jaribio rahisi ambalo kila mtu anaweza kulifanya. Mwangaza ukitokea, funika jicho moja kwa kiganja, kisha jingine. Ikiwa mstari unaonekana kwa kila jicho, na hata macho yote mawili yakifungwa, basi hautoki kwenye jicho. Unatoka nyuma ya kichwa, sehemu ya ubongo inayopokea picha. Ikiwa shida iko kwa jicho moja tu, hiyo ni habari nyingine na inahitaji munganga wa macho haraka.

Mzee mmoja, mtoto wake, na sungura wa Harvard

Elimu juu ya aura ilijengwa na watu waliojichunguza wenyewe. Uingereza, katika karne ya 19, George Biddell Airy, mtaalamu mkuu wa nyota wa serikali, aliandika juu ya mistari iliyokuwa ikimziba macho. Mtoto wake Hubert Airy, aliyekuwa munganga, naye alikuwa na hali hiyo. Mwaka wa 1870 Hubert alitoa michoro inayoonyesha dakika kwa dakika namna mstari unavyokua, na aliulinganisha na kuta za ngome ya vita zenye pembe nyingi. Hadi leo wagonjwa wakionyeshwa michoro hiyo wanaitambua mara moja.

Mwaka wa 1941, mtaalamu wa Marekani Karl Lashley alifanya hesabu. Alipima doa lake mwenyewe lilivyokuwa likisogea, kisha akalinganisha na ukubwa wa sehemu ya ubongo inayoona. Aliona kwamba kitu fulani kilikuwa kinatembea juu ya ubongo wake kwa mwendo wa milimita 3 hivi kwa dakika moja.

Miaka mitatu baadaye, mwaka wa 1944, kijana mmoja kutoka Brazili, Aristides Leão, alikuwa anachunguza kifafa kwa kutumia sungura katika Chuo Kikuu cha Harvard. Aliona wimbi la ajabu: chembe za ubongo zinashtuka, kisha zinanyamaza, na ukimya huo unaenea polepole kama maji yanayomwagika juu ya meza. Mwendo wake ulikuwa wa milimita chache kwa dakika, sawa na ule wa Lashley.

Ilibidi kungoja mwaka wa 2001 ili mashine za kupiga picha za ubongo zionyeshe wimbi la namna hiyo kwa binadamu akiwa katikati ya aura. Mstari unaoonekana ni ukingo wa wimbi, pahali chembe zinaposhtuka. Doa linaloufuata ni pahali chembe zimenyamaza. Wimbi likipita, chembe zinarudi katika kazi yake na macho yanaona tena kama kawaida.

Ndiyo maana mtu anayesema ameona moto unaotembea hewani hasemi uongo, wala hajapoteza akili.

Na masikio, yanaingiaje?

Mlio wa masikio, ambao wanganga wanauita akufeni, ni jambo la watu wengi. Uchunguzi mkubwa uliotolewa mwaka wa 2022 ulikadiria kwamba watu wazima zaidi ya milioni 740 duniani wameupata, karibu 14 kwa kila 100. Kwa wengi ni kitu kidogo. Kwa wengine unaharibu usingizi, kazi na amani ya nyumba.

Sababu kubwa ni masikio yaliyopunguka nguvu kwa kelele ao kwa umri. Sikio likipeleka sauti chache, ubongo unaongeza nguvu ya kusikiliza, kama mtu anayepandisha sauti ya redio isiyoshika stesheni vizuri. Kinachosikika basi ni mvumo wa redio yenyewe. Katika Kivu na Ituri, sababu za kelele si za kutafutwa mbali: jenereta, mashine za kusaga unga, baffle kubwa za muziki na za makanisa, na kwa watu wengi, milio ya bunduki na mabomu. Mlipuko mmoja wa karibu unatosha kuacha mlio wa miaka.

Uhusiano kati ya mlio huo na migreni unaonekana katika mambo matatu.

La kwanza liko katika kanuni zenyewe za wataalamu. Kuna aina moja ya aura, isiyopatikana sana, inayotoka sehemu ya chini ya ubongo. Kati ya dalili zake zimeandikwa kizunguzungu, kuona vitu viwili-viwili, kusema kama mlevi, kupunguka kwa masikio, na mlio wa masikio. Mlio wa namna hiyo unakuja na kuondoka pamoja na aura. Kuna pia migreni ya kizunguzungu, ambayo inaweza kuleta mlio na masikio kuziba wakati wa shambulio.

La pili ni hesabu. Huko Taiwan, watafiti walifuatilia wagonjwa 1,056 wa migreni na watu 4,224 wasio nayo. Matokeo yaliyotolewa mwaka wa 2018 yalionyesha kwamba wenye migreni walikuwa na hatari ya karibu mara 3 ya kupata matatizo ya sikio la ndani, na mlio ukiwa mojawapo. Lakini uchunguzi huo ulihusu migreni kwa jumla. Haukuonyesha kwamba aura ndiyo inayozaa mlio.

La tatu ni ugonjwa ulio karibu na migreni ambapo mtu anaona vinukta vidogo kila mahali, mchana na usiku, kama skrini ya televisheni isiyo na picha. Wengi wa wagonjwa hao wana migreni, na zaidi ya nusu yao wana mlio wa masikio usiokoma. Wataalamu wengi wanafikiri kwamba shina ni moja: ubongo unaoshtuka upesi na usiojua kuzima yale yasiyo na maana.

Kwa hiyo jibu la leo ni hili: migreni na mlio vinatembea pamoja mara nyingi kuliko bahati, lakini haijathibitishwa kwamba kimoja ndicho mzazi wa kingine. Mtu mwenye vyote viwili anapaswa kupimwa masikio kama mtu mwingine yeyote, maana nta iliyoganda, ugonjwa wa sikio ao kelele za kazini vinaweza kuwa sababu, na vingine vinatibika.

Mtego wa kinini

Katika eneo ambalo malaria iko kila siku, kichwa kikiuma na mtu akitapika, wazo la kwanza ni mbu. Si kosa kufikiri hivyo. Kosa ni kutibu bila kupima.

Kinini, dawa ya zamani ambayo bado inapatikana katika maduka mengi ya dawa, inajulikana kwa jambo moja ambalo karibu kila mkaaji wa Kivu amelisikia ao kulipata: inaliza masikio. Inaweza pia kupunguza kusikia, kuumiza kichwa, kuleta kichefuchefu na kufanya macho yaone kama kupitia ukungu. Kipimo kikizidi sana, inaweza kuharibu macho kabisa.

Tazama basi kinachotokea. Mtu mwenye migreni anaona mwangaza, kichwa kinamuuma, anatapika. Hana homa. Anapewa kinini bila TDR. Kesho yake masikio yanalia na macho yana ukungu. Anaambiwa malaria imepanda kichwani, na anaongezewa kinini. Migreni ingekuwa imekwisha yenyewe ndani ya siku moja hadi tatu. Dalili zilizobaki zimeletwa na dawa.

Shirika la Afya Duniani, OMS, linaomba malaria ithibitishwe kwa kipimo kabla ya dawa, na kwa malaria kali linaweka artesunati mbele ya kinini. Mtu ambaye TDR yake haionyeshi malaria mara kadhaa, lakini kichwa kinarudi kila mwezi kwa namna ileile, ana haki ya kuuliza munganga kama si migreni.

Kinini si dawa pekee inayogusa masikio. Aspirini kwa kipimo kikubwa inaleta mlio ambao kwa kawaida unaondoka dawa ikiachwa. Sindano za jentamisini na streptomisini zinaweza kuharibu sikio la ndani, na uharibifu huo mara nyingi haurudi. Anayepewa sindano hizo na akasikia mlio asingoje kumaliza. Amwambie muuguzi siku ileile.

Mama mwenye mimba: usingoje asubuhi

Hapa ndipo kuchanganya dalili kunaweza kugharimu maisha. Wakunga waliosomea katika shule za Congo wanajua dalili tatu za kuuliza kila mara: kichwa kinauma sana, macho yanaona nyota ao inzi wanaoruka, masikio yanalia. Kwa mwanamke mwenye mimba inayopita wiki 20, ao aliyejifungua siku chache zilizopita, dalili hizo zinaweza kuwa tangazo la tansiyo ya mimba, ambayo inaweza kufika kwenye degedege na kifo cha mama na mtoto.

Hata kama mama huyo amekuwa na migreni tangu ujana, asijitibu nyumbani. Apimwe tansiyo na mkojo siku hiyo hiyo. Uso na mikono iliyovimba, ao maumivu juu ya tumbo upande wa kuume, ni sababu ya kukimbia zaidi.

Vidonge vya kupanga uzazi

Migreni inapata wanawake mara mbili hadi tatu kuliko wanaume, na wengi wao wako katika umri wa kuzaa. Swali la kupanga uzazi basi haliwezi kuepukwa.

Migreni yenye aura inaongeza karibu mara mbili hatari ya mshipa wa ubongo kuziba. Kwa kijana hatari hiyo inabaki ndogo, lakini inapanda akivuta sigara ao akitumia homoni ya estrojeni. Kwa sababu hiyo, OMS inasema wazi kwamba mwanamke mwenye migreni yenye aura, wa umri wowote, asitumie vidonge vyenye homoni mbili, estrojeni na projestini. Zipo njia nyingine: kipandikizi cha mkononi, vidonge vya homoni moja, kitanzi.

Lakini ili muuguzi amchagulie njia inayofaa, lazima ajue. Mwanamke anayesema tu kwamba kichwa kinamuuma anaweza kupewa kidonge kibaya. Anayesema anaona mstari unaong'aa kabla ya kichwa kuuma, amemsaidia muuguzi kumlinda.

Dawa zinazosaidia, na dawa zinazorudisha kichwa

Hakuna kidonge kinachozima aura ikishaanza. Kinachowezekana ni kukaa chini. Anayeendesha tukutuku ao gari asimame pembeni, maana nusu ya barabara inaweza kuwa imefichika bila yeye kujua. Anayepika aondoke karibu na moto.

Kwa maumivu, ibuprofeni ao aspirini iliyochukuliwa mapema, kwa kipimo kamili na chakula kidogo, inasaidia wengi kuliko nusu kidonge kinachorudiwa siku nzima. Parasetamoli ina nguvu kidogo lakini inafaa kwa wasioweza hizo nyingine. Watoto wasipewe aspirini, na ibuprofeni haifai mimba ikisonga mbele ao kwa mwenye vidonda vya tumbo. Mwenye mlio wa masikio aambie munganga kabla ya kuzoea aspirini.

Kuna mpaka ambao wengi wanauvuka bila kujua. Anayemeza dawa za kawaida za maumivu siku 15 ao zaidi kwa mwezi, kwa zaidi ya miezi mitatu, anaweza kupata kichwa kinacholetwa na dawa zenyewe. Kwa tramadoli na vidonge vyenye mchanganyiko wa dawa, ni siku 10 tu. Maumivu yanakuwa ya kila siku, na kila kidonge kinaita kingine. Njia ya kutoka ni kuacha, kwa msaada wa munganga, hata kama wiki za kwanza ni ngumu.

Kwa wanaoshambuliwa mara nyingi kuna dawa za kuzuia. Propranololi, inayotumiwa pia kwa tansiyo, iko katika orodha ya OMS ya dawa za lazima kwa kazi hiyo. Haifai kwa mwenye asima. Amitriptilini kwa kipimo kidogo usiku inasaidia wengine, hata usingizi. Dawa hizo si ghali kama za kisasa, lakini zinahitaji wiki kadhaa kabla ya kuonyesha matunda na lazima ziandikwe na munganga.

Kuishi nayo

Ubongo wenye migreni haupendi mabadiliko. Kulala saa zilezile, kula asubuhi, kunywa maji wakati wa jua kali, na kutopitisha siku nzima bila chakula ni mambo yanayopunguza mashambulio. Si rahisi kwa mama anayeamka saa kumi za usiku kwenda soko, wala kwa familia iliyokimbia vita na kulala chini ya hema. Mashaka na usingizi mbaya ni chakula cha migreni na cha mlio pia.

Kwa mlio wenyewe, ukimya kamili ni adui. Usiku, redio ya sauti ya chini ao mvua juu ya mabati inasaidia ubongo kuacha kuusikiliza. Mchana, wanaotumika karibu na mashine wazibe masikio. Kuingiza vijiti, mafuta ya moto ao majani ndani ya sikio kunaongeza ugonjwa juu ya ugonjwa.

Wapo wanaopaswa kwenda hospitalini bila kuchelewa: aliyepatwa ghafla na kichwa kikali kuliko vyote maishani, ambaye mkono, mguu ao upande wa uso umelegea ghafla, mwenye homa na shingo ngumu, aliyeona aura kwa mara ya kwanza baada ya miaka 50, ambaye aura imepita saa moja, na yule ambaye mlio wake unapiga sawa na moyo huku macho yakizimika sekunde chache akiinama, maana hiyo inaweza kuwa maji yanayobana ndani ya kichwa, na macho yanaweza kupotea.

Wataalamu wa ubongo ni wachache nchini, na wengi wako Kinshasa. Skana haipatikani katika vituo vya vijijini. Lakini migreni haihitaji skana ili itambulike. Munganga anaitambua kwa masimulizi. Daftari la shule linatosha: tarehe, saa, mwangaza ulianza namna gani na ulidumu dakika ngapi, masikio yalilia kabla ao nyuma, siku za hedhi, chakula, usingizi, na kila dawa iliyomezwa. Mgonjwa akileta miezi mitatu ya daftari hilo kwenye kituo cha afya, muuguzi ana mahali pa kuanzia.